Nukta ya Nne

"Mashine haina shangazi wala mjomba hospitali hii," Geeta alisema. "Haimpendelei mtu. Mgonjwa akisema ameona, naandika ameona."

"Basi jicho langu ndilo linalodanganya."

"Hilo umelisema mwenyewe, daktari."

Sheikha Himid aliegemea mlango, akawaacha wazozane. Watu wanaogombana husema mengi ambayo wakiulizwa kwa adabu wangeyaficha, na yeye alikuwa hana muda wa adabu. Saa sita mchana kitanda kilichowekwa wodi ya juu kwa ajili ya mgonjwa wao, Mzee Sadrudin, kingepewa mtu mwingine.

Daktari Telesphor alizaliwa Bukoba, mrefu, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda. Alikuwa amechungulia ndani ya jicho la kushoto la Sadrudin na kuona mshipa wa fahamu umelika kama ukingo wa mto. Glakoma, ile presha ya jicho inayoua kimya kimya. Jicho la kulia lilikwisha kufa kabla mzee hajaondoka Uganda. Lililobaki ni hilo moja, na Telesphor aliapa kuwa nalo linakwenda. Lakini mashine mpya ya taa, ambayo hospitali ilijisifia hata magazetini, ilimpima mzee mara tatu tangu Novemba, na mara zote ikatoa jibu moja: jicho zima, halina upungufu.

Daktari bingwa, bosi wao, aliamini mashine. Alisema hapeleki kisu kwenye jicho pekee la mtu ambalo linafaulu kipimo, kwa sababu kisu nacho huua macho. Aletewe ushahidi kabla ya saa sita, vinginevyo mzee aendelee na dawa ya matone na arudi Mei.

"Mei atakuja na fimbo nyeupe," Telesphor alisema.

Uongozi wa hospitali ulikuwa na wazo lake: fundi wa mashine anapika majibu ili awahi nyumbani. Ndiyo maana wakapiga simu kwenye ofisi ya upelelezi alikofanya kazi Sheikha, na ofisi ikamtuma yeye kwa kuwa ndiye pekee aliyejua Kiswahili. Kabla ya mwaka sitini na nne alikuwa askari wa upelelezi Unguja. Hapa London alitafuta waume waliotoroka na mizigo iliyopotea bandarini. Mashine ya macho ilikuwa mara ya kwanza.

"Geeta," alisema, "vipimo vyote vya mzee umevifanya Ijumaa. Na Ijumaa hutoka mapema. Kwa nini?"

Geeta alimgeukia. Alikuwa mzaliwa wa Kisumu, mkavu wa maneno. "Mwanangu shule yao inafunga mapema Ijumaa. Ulishapiga simu kwa mwalimu mkuu, nimesikia. Sasa unaniuliza nini tena?"

"Nataka kukusikia ukijibu."

"Umesikia?"

"Nimesikia." Ilikuwa kweli. Mwalimu mkuu alithibitisha, na wagonjwa wengine wanne wa Ijumaa waliopigiwa simu walisema fundi yule huwachosha kwa maswali mpaka shingo ziwaume. Mpikaji wa majibu hachoshi watu. Sheikha alifuta jina la Geeta kichwani, akahamia kwenye chuma chenyewe. "Niweke kwenye mashine."

Walimkalisha. Kidevu kwenye kibao, kitambaa juu ya jicho la kulia, jicho la kushoto limetazama kidoa katikati ya ubao mweusi. Geeta alikaa upande wa pili, nyuma ya ubao, ambako kuna tundu dogo la kumchungulia mgonjwa asihamishe jicho. Akazima taa ya chumba. Ubao ukamemeta: vinukta vya mwanga, mara viwili, mara vitatu, mara vinne, vikatoweka kabla hujapepesa.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Ngapi?"

"Mbili."

Walikwenda hivyo mpaka mwisho. Taa zote ziliwaka. Telesphor alikuwa ameweka matumaini yake kwenye balbu iliyoungua au waya uliolegea, na Sheikha alimsikia akikohoa gizani kila ilipoonekana hakuna balbu wala waya.

"Mipangilio ndiyo hiyo tu?" Sheikha aliuliza taa ilipowashwa. "Kuna namba kwenye hicho kirungu cha kubadilishia taa hujaigusa. Umeiruka."

Geeta alimtazama Telesphor. Telesphor akaeleza kwamba ule ulikuwa mpangilio wa kuhakiki, na kwamba waliagizwa na wakubwa wauruke kwa sababu foleni ni ndefu na haupimi ugonjwa wowote.

"Unapima nini?"

"Kila jicho lina doa pofu, la kwako na la kwangu. Ni pale mshipa unapoingilia, hapana kitu cha kuonea. Mpangilio ule una taa nne, na ya nne inaangukia hapo hapo kwenye doa. Mtu akitazama sawasawa kwa jicho moja, ataona tatu."

"Hata jicho zima?"

"Hata Malkia akikaa hapo na kitambaa chake," Geeta alisema, "ataona tatu."

"Nionyesheni."

Ubao ulimemeta. Sheikha aliona tatu. Alirudia, akaona tatu. Geeta akamwambia aondoe kitambaa na kutazama kwa macho yote mawili, na hapo nukta ya nne ikajitokeza upande wa kushoto, wazi kabisa, kama ilikuwapo siku zote. Ilikuwapo.

"Leo mzee apimwe na huo," Sheikha alisema, akatoka.

Kwenye kiti kirefu cha korido Sadrudin na mkewe Zerabai walikaa wamegusana mabega. Walikuja kutoka Rayners Lane kwa treni na walibeba chakula chao, kibati cha ghorofa tatu na termos, kana kwamba wanasafiri Jinja kwenda Kampala. Mzee alivaa koti la sufu lililoshonwa vizuri kuliko koti la daktari bingwa. Alikuwa amelishona mwenyewe. Alipata kazi ya cherehani kwenye kiwanda cha makoti mwezi mmoja baada ya kutoka kambi ya waliofukuzwa Uganda.

Sheikha aliwasalimu, akajitambulisha, akaketi upande wa kushoto wa mzee. Mzee hakugeuka mpaka aliposikia sauti tena, ubavuni mwake.

Akamwuliza mzee habari ya kuanguka iliyoandikwa kwenye faili lake. Zerabai akajibu: ngazi za stesheni zilikuwa na maji. Akamwuliza mzee kama matone anatia kila siku. Zerabai akajibu: anamtia yeye mwenyewe, mara nne, hajaruka hata siku moja. Akamwuliza mzee kama anaona. Hapo mzee alijibu mwenyewe, haraka.

"Naona vizuri kabisa, mama. Naona wewe umevaa buibui."

Sheikha alikuwa amevaa koti la mvua na kitambaa cha kijani kichwani. Hakulisema hilo. Alimimina chai kutoka kwenye termos, akaweka kikombe kwenye kijimeza, kushoto. Mzee alinyoosha mkono kwenye harufu, akapapasa hewa, akapapasa meza, na mkewe akakisogeza kikombe mpaka kikagusa kidole chake. Alifanya hivyo bila kutazama, na bila kukatisha maneno aliyokuwa akimwambia Sheikha kuhusu baridi ya nchi hii.

"Jinja mlifanya biashara gani, Bi Zera?"

"Ngozi na pamba kidogo. Yeye ananunua, mimi nakaa naye."

"Dukani?"

"Dukani, mnadani, kila mahali. Watu walikuwa wanacheka, wanasema Sadru hawezi kununua hata mbuzi bila Zera." Alicheka kidogo, akaacha. "Kipimo cha leo ni kikubwa? Akifaulu tunakwenda nyumbani?"

Sheikha alisikia lile neno, *akifaulu*. Halafu alitazama shali. Ilikuwa shali nzito ya rangi ya udongo, na ililala juu ya mapaja ya wote wawili, ikafunika mkono wa kushoto wa mke na mkono wa kulia wa mume. Koridoni joto lilikuwa la kutoa jasho. Chuma cha joto kilikuwa nyuma ya migongo yao na Sheikha mwenyewe alikwisha kufungua koti.

Mlango ulifunguliwa. Geeta aliita jina la mzee.

Saa ya ukutani ilikuwa imevuka saa tano na nusu.

Walipoingia, Zerabai alimwongoza mume mpaka kwenye mashine, akavuta kiti cha pili, akakiweka pembeni mwake, akakaa. Geeta hakushangaa, alieleza kwa sauti ya chini kwamba mzee huogopa giza na mama humshika mkono tu, hasemi neno. Tangu Novemba ilikuwa hivyo. Kutoka kiti cha Geeta, nyuma ya ubao, kupitia lile tundu, kilichoonekana ni jicho la mgonjwa basi.

Sheikha alisimama pembeni, mgongo ukutani. Telesphor alisimama karibu na swichi. Taa ikazimwa.

"Mzee, tazama kidoa. Ngapi?"

"Mbili."

"Ngapi?"

"Nne."

"Ngapi?"

"Tatu."

Alijibu kila swali sawa. Telesphor alianza kupumua kwa nguvu kama mtu aliyebeba gunia. Mtu huyu alishindwa kuona kikombe, na sasa alikuwa akihesabu nukta ndogo kuliko punje ya ulezi bila kukosea hata moja. Sheikha alihesabu pamoja naye, kisha akasema, "Sasa ule mpangilio mliouruka."

Kirungu kiliguna. Ubao ulimemeta.

"Ngapi, mzee?"

"Nne."

Geeta hakuandika. "Narudia. Ngapi?"

"Nne. Nimeona zote nne."

"Daktari, washa taa," Sheikha alisema.

Mwanga uliwapiga wote usoni. Zerabai alikuwa amekaa wima, macho yake mawili wazi yameelekea ubaoni. Shali ilikuwa juu ya mikono yao.

"Hakuna jicho moja duniani linaloona taa ile," Sheikha alisema. "Mimi sikuiona. Daktari hataiona. Inaonekana kwa macho mawili, na ndani ya chumba hiki aliyekuwa ametazama ubao kwa macho mawili, zaidi yangu na daktari, ni wewe, Bi Zera."

Mzee aliondoa kidevu kwenye kibao.

"Mama hajasema neno," Geeta alisema. "Naapa. Ningesikia."

"Hahitaji kusema. Babu yangu alikuwa dalali wa ngozi Darajani. Wanunuzi wakikaa kwenye mkeka, anayetaka kutaja bei hataji, jirani atasikia. Anatandaza kitambaa, anamshika mwenzake mkono chini yake. Kidole kimoja moja, viwili mbili. Mnada mzima unakwisha, watu wamekunywa kahawa na kuzungumza habari za mvua, na hakuna aliyejua ngozi zimekwenda kwa kiasi gani." Alimgeukia mzee. "Biashara ya ngozi Jinja ilikuwa hivyo hivyo, au nimekosea?"

Sadrudin aligeuza uso upande wa mkewe. Kisha akasema, "Jinja tulitumia leso. Shali ni baridi ya huku." Akavuta pumzi. "Mimi sikuhesabu taa, mama. Nilihesabu mkono wake."

Telesphor alifungua mdomo. Sheikha akamnyamazisha kwa kidole. Alikuwa amewaona wadanganyifu wengi, na hawa hawakuwa na sura hiyo.

"Kwa nini, Bi Zera?"

Zerabai alieleza akiwa ametazama shali. Walipofika kambini, kwenye mabweni ya zamani ya wanajeshi, kulikuwa na foleni ya daktari. Vifua, meno, macho. Sadru alioneshwa ubao wenye picha za mikono inayoelekea huku na kule, akakosa. Daktari akaandika kitu. Mtu mmoja kwenye foleni akasema wenye macho mabaya wanawekwa pembeni, hawapewi barua ya kazi. Kesho yake wakarudi kwa daktari mwingine, na yeye akamshika mume mkono. Akapata vizuri. Wiki ile ile akapewa barua ya kazi. Tangu siku hiyo, kila mtu mwenye koti jeupe aliyesema neno *kipimo*, Zerabai alileta shali.

"Na hapa si kambini," Geeta alisema, lakini polepole.

"Hapa ni serikali ile ile." Zerabai aliinua kichwa, akamtazama Sheikha. "Mtoto wetu Amirali yuko Austria. Yeye pasi yake ilikuwa ya Uganda, wamemnyang'anya, sasa hana nchi. Kumleta hapa wanataka baba awe na kazi. Kazi ya cherehani. Mkiandika baba haoni, kiwanda kitamtoa. Kiwanda kikimtoa, Amirali anabaki huko. Sasa niambie wewe mama, kama na wewe una watoto, ungefanya nini?"

"Ningefanya kama wewe," Sheikha alisema. "Na ningempofusha mume wangu."

Koridoni kitanda cha magurudumu kilipita kikilia.

Telesphor alichuchumaa mbele ya mzee ili uso wake uwe pale jicho lilipoweza kumpata. Alimweleza bila sukari. Mashine hii haifelishi mtu wala haimwandikii mtu barua. Kazi yake ni kuchora ramani ya mahali jicho limebaki hai, ili daktari ajue pa kuwahi. Yeye na bosi wake walikuwa wamepewa ramani ya macho ya Zerabai, na kwa ramani hiyo wangemtibu mtu asiyeumwa mpaka anayeumwa awe kipofu.

"Hicho kisu kitanirudishia nilichopoteza?" mzee aliuliza.

"Hapana. Kilichokwenda kimekwenda. Kinaweza kukulindia kilichobaki. Na kinaweza kushindwa, sikufichi."

Sheikha alitazama saa, akashika kile kiti cha pili kwa mgongo wake. "Bi Zera, nitakuomba ukae nje. Kiti nitakubebea."

Zerabai hakusimama mara moja. Alivuta shali kutoka kwenye mkono wa mume, akaikunja mara mbili, akaipakata kama mtoto, akatoka. Sheikha alimfuata na kiti, akakiweka koridoni, akarudi ndani na kufunga mlango kati ya mke na mume.

Giza tena.

"Ngapi, mzee?"

Muda mrefu. "Moja. Nadhani moja."

"Ngapi?"

"Sijaona."

"Ngapi?"

"Sijaona, binti. Endelea."

Geeta aliendelea. Sauti yake ilibaki ile ile ya kazini, swali baada ya swali, na kalamu yake ilisikika ikikwaruza. Ule mpangilio wa kuhakiki hakuuruka. Alipomaliza hakuwasha taa kwanza; alifuta uso kwa mkono wa koti, kisha akawasha. Telesphor alichukua ile ramani. Sehemu iliyobaki hai ilikuwa katikati, duara dogo, kama mtu anayechungulia dunia kupitia tundu la kufuli. Ndani ya duara hilo mzee alikuwa akitunga uzi kwenye sindano na kushona makoti ya watu. Nje yake hapakuwa na kikombe wala ngazi ya stesheni.

Daktari alitoka mbio. Walimsikia akipanda ngazi mbili mbili kwenda kwa bosi wake.

Alirudi ikiwa imebaki kidogo kufika saa sita, akihema. Bingwa alikuwa ameitazama ramani mara moja tu. Kitanda ni cha mzee akikitaka sasa hivi; kisu ni kesho asubuhi. Akisema hapana, juu kuna mgonjwa amekwisha kuvua viatu.

Zerabai alisimama mlangoni. Aliuliza kitu kimoja: mtu akifanyiwa hivyo anakaa bila kazi muda gani. Telesphor alisema wiki kadhaa, na kwamba atamwandikia mwenye kiwanda yeye mwenyewe kwamba fundi wake anatibiwa ili aendelee kushona. Hakuahidi kuhusu Amirali. Sheikha pia hakuahidi. Hakuwa na Austria mfukoni. Alisema tu kwamba ripoti yake kwa uongozi ingekuwa na mambo mawili: fundi hana kosa, na mpangilio wa kuhakiki usirukwe tena kwa mgonjwa yeyote, foleni iwe ndefu namna gani. Habari za shali hazikuhusu mtu nje ya chumba kile.

"Zera," mzee alisema.

Alinyoosha mkono hewani, mbele yake, bila kujua mkewe yuko wapi. Mkono ulikuwa mtupu, haukufunikwa na kitu, na watu wote walikuwa wakiuona. Zerabai aliutazama. Kwenye mkeka wa dalali, babu yake Sheikha alikuwa akisema, vidole ni maneno tu. Mtu akitaka kufunga biashara hushika kiganja kizima.

Zerabai aliweka shali juu ya mashine, akavuka chumba, akakishika kiganja kizima cha mumewe kwa mikono yake miwili.

"Imekwisha," Sadrudin alisema. "Daktari, twende kabla huyo mtu wa viatu hajalala."

Alivua saa ya mkononi, akamvisha mkewe. Kisha akasimama, akampa Telesphor bega la kulia, upande wa jicho lililokufa, na wakatoka kuelekea lifti. Kibati cha chakula kilibaki kwenye kiti koridoni, na kiti hakikurudishwa ndani. Geeta alifungua daftari la zamu, akavuta pumzi, akaita mgonjwa anayefuata.